Mnyauko wa Nyanya: Jina Moja, Bakteria Wengi

Mnyauko bakteria huua nyanya ikiwa bado na majani ya kijani. Asubuhi mmea umesimama vizuri. Jua likikolea majani ya juu yanalegea. Jioni yanainuka kidogo, na baada ya siku chache hayainuki tena. Hakuna madoa wala ule unjano unaopanda taratibu kutoka majani ya chini kama kwenye mnyauko wa fusari. Wakulima wa Ilula, Mgeta, Lushoto na Mwea wanaujua, na wengi hukimbilia dawa za ukungu. Fedha hiyo hairudi, kwa sababu adui hayuko juu ya jani. Yumo ndani ya mishipa inayopandisha maji, na kabla ya hapo alikuwa kwenye udongo, akiingia kwa njia ya vidonda vya mizizi, vile vinavyochimbwa na jembe, vinavyotobolewa na minyoo fundo, au vinavyojitokeza tu mzizi mdogo unapochipua kutoka ubavuni mwa mzizi mkubwa.

Kuthibitisha kwamba ni yeye si kazi kubwa. Kata kipande cha shina karibu na ardhi, kining'inize ndani ya glasi ya maji safi, usubiri dakika chache. Ukiona uzi mweupe unaoteleza kutoka kwenye kidonda cha shina, hao ni bakteria, mamilioni kwa mamilioni. Bwana shamba yeyote anaweza kufanya jaribio hilo shambani. Kazi kubwa inaanza baadaye: je, bakteria aliye kwenye glasi ya Lushoto ni yuleyule aliye kwenye glasi ya Mwea? Na kama siye, mbegu iliyomshinda mmoja itamshinda mwingine? Naamini kilimo chetu cha nyanya kimeliweka pembeni swali hilo kwa muda mrefu mno, na hasara zake zinaonekana kila msimu.

Mwaka 1896 Erwin F. Smith wa Wizara ya Kilimo ya Marekani alimweleza bakteria huyu kuwa chanzo cha ugonjwa wa nyanya, biringanya na viazi mviringo. Tangu hapo amehamishwa jenasi mara kadhaa, kutoka Bacillus hadi Pseudomonas, kisha Burkholderia, na tangu 1995 anaitwa Ralstonia solanacearum. Katika miaka ya 1960 watafiti walijaribu kumgawa kwa mizani mbili. Ya kwanza ilitazama mimea anayoishambulia: wa migomba hapa, wa viazi pale, na wale wanaoshambulia nyanya, tumbaku, karanga na mazao mengine mengi wakawekwa pamoja kwenye kundi moja. Ya pili ilitazama aina za sukari na alkoholi ambazo bakteria anaweza kuzitumia maabara. Mizani hizo zilisaidia kwa miongo mingi, lakini lile kundi la nyanya lilibaki limejaa kila mtu. Bakteria wawili wasio na undugu wa karibu walikaa humo kwa sababu tu wote wanaangusha nyanya.

Mabadiliko makubwa yalikuja 2005, Mark Fegan na Philippe Prior walipopendekeza mpango mpya unaotokana na kusoma vinasaba vyenyewe. Waliwagawa bakteria hawa katika nasaba nne kubwa, ambazo wataalamu huziita filotipu. Nasaba ya I asili yake ni Asia, ya II ni mabara ya Amerika, ya III ni Afrika na visiwa vya jirani, na ya IV ni Indonesia hadi Japani na Australia. Kila nasaba ina matawi, yanayotambuliwa kwa kusoma sehemu ya jeni moja inayotengeneza kimeng'enya cha kukata selulosi. Ndiyo maana siku hizi mtafiti husema I-31 au IIB-1, na mwenzake aliye upande wa pili wa dunia akajua mara moja anazungumzia nani. Mwaka 2014 tofauti zilionekana kubwa kiasi kwamba spishi moja ikagawanywa kuwa tatu: nasaba ya II ikabaki na jina la R. solanacearum, ya I na ya III zikawa R. pseudosolanacearum, na ya IV ikawa R. syzygii. Hii ya mwisho ina ndugu wanaoua mikarafuu huko Sumatra na Java, wakibebwa na wadudu wanaofyonza utomvu, na wengine wanaoharibu migomba. Kwa visiwa vinavyolima karafuu kama Unguja na Pemba, hilo peke yake ni sababu ya kutosha ya kukagua kwa makini kila mche unaoingia bandarini.

Mtu angetazamia kwamba nyanya za Afrika zinauawa na nasaba ya Afrika. Hali si rahisi hivyo. Utafiti uliochapishwa 2009 kuhusu Kameruni uliwakuta katika nchi hiyo moja bakteria wa nasaba ya I, ya II na ya III. Kwenye visiwa vya kusini magharibi mwa Bahari ya Hindi, vikiwemo Komoro, Mayotte, Shelisheli, Morisi na Reunion, tawi lililotawala mashamba ya mboga ni I-31, la ukoo wa Asia. Katika viazi mviringo vya Kenya na Uganda anayetawala ni IIB-1, aliyeanzia nyanda za juu za Amerika ya Kusini na kusambaa duniani ndani ya mbegu za viazi; karibu naye amepatikana pia wa nasaba ya I. Madagaska, kwenye nyanda za juu, IIB-1 anaishi jirani na nasaba ya III. Kwa hiyo mlima mmoja unaweza kuwa na mwenyeji, mgeni kutoka Asia na mgeni kutoka Amerika, na mkulima akawaita wote kwa jina moja.

IIB-1 anastahili kutazamwa kwa karibu, maana ndiye anayeonyesha jinsi viazi na nyanya visivyotenganishika. Vinasaba vya bakteria hawa vinafanana mno popote wanapopatikana, dalili kwamba wametokana na ukoo mmoja uliosafirishwa na binadamu. Kiazi cha mbegu kinaweza kuwa naye bila dalili yoyote, hasa kwenye baridi, kikauzwa, kikapandwa, na udongo ukabaki naye. Msimu unaofuata mkulima akipanda nyanya palepale, nyanya inalipa deni la kiazi. Mwaka 2003 aligundulika kwenye vipandikizi vya maua ya pelagoniamu vilivyotoka Kenya kwenda kwenye vitalu nyumba vya Marekani. Mwaka mmoja kabla, sheria ya nchi hiyo ilikuwa imemweka kwenye orodha ya vijidudu vinavyodhibitiwa kwa hofu ya ugaidi wa kibayolojia. Bakteria ambaye mkulima wa Nyandarua hukutana naye akiwa na jembe tu mkononi, kule anashughulikiwa na serikali kuu.

Kwa muda mrefu iliaminika kwamba IIB-1 anafanikiwa nyanda za juu kwa kuwa anavumilia baridi kuliko wenzake. Utafiti wa 2009 wa maabara ya Marekani ulipima dhana hiyo na kuipindua. Akiwekwa peke yake kwenye maji baridi, hakudumu kuliko bakteria wa nchi za joto. Tofauti ilijitokeza alipokutana na mmea: kwenye nyuzi joto 20 za Selsiasi aliweza kunyausha nyanya, wakati yule wa joto alishindwa. Siri yake haiko katika kuvumilia hali ya hewa, iko katika namna anavyoishi na mmea wenyewe.

Basi ukali unatoka wapi? Jambo la kwanza ni kwamba bakteria huyu ana subira. Wakiwa wachache, hutumia nguvu zao kuogelea na kutafuta mzizi. Kila mmoja hutoa kiasi kidogo cha kemikali inayowajulisha wengine kuwa yupo. Ndani ya mshipa idadi yao ikipanda na kemikali hiyo ikikolea, jeni moja iitwayo phcA hupewa uhuru wa kufanya kazi, na tabia ya kundi zima hubadilika: wanapunguza kuogelea na kuanza kutengeneza ute mwingi wa sukari. Ute huo ndio unaoziba mishipa, kama uji mzito uliomiminwa kwenye mrija mwembamba, na mmea unakufa kwa kiu huku mizizi yake imezungukwa na maji. Mutanti, yaani bakteria waliobadilika kijeni, wasioweza kutengeneza ute karibu hawaui kabisa.

Arthur Kelman alionyesha mwaka 1954, kwa kutumia rangi ya tetrazolia, kwamba bakteria wakali huota kwenye sahani kama makundi meupe yenye majimaji na waridi katikati, na waliopoteza ukali huota madogo, ya duara, yenye wekundu mzito. Upotevu huo hutokea wenyewe bakteria wakitunzwa vibaya maabara, mara nyingi kwa sababu phcA imeharibika. Hili nalihesabu kuwa jambo zito kwa yeyote anayepima mbegu. Maabara ikitumia bakteria waliolegea bila kujua, kila aina ya nyanya itaonekana shujaa, na mkulima ndiye atakayeugundua ukweli shambani kwake.

Silaha ya pili iligunduliwa katika miaka ya 1980 na kundi la Christian Boucher huko Toulouse, Ufaransa. Ni mkusanyiko wa jeni ziitwazo hrp, zinazojenga kifaa chenye umbo la sindano. Bakteria hukitumia kuingiza protini zake moja kwa moja ndani ya seli za mmea. Protini hizo, ziitwazo efekta, huvuruga ulinzi wa mmea. Asiye na hrp hawezi kusababisha ugonjwa hata kidogo. Mwaka 2002 ulipochapishwa usomaji wa kwanza wa vinasaba vyote vya bakteria huyu, ukitumia aina iitwayo GMI1000, zilihesabiwa herufi takriban milioni 5.8. Milioni 3.7 zimo kwenye kromosomu na milioni 2.1 kwenye plasmidi kubwa, yaani DNA iliyo nje ya kromosomu, inayobeba sehemu nzuri ya silaha zake, hizo hrp zikiwemo. GMI1000 alitolewa kwenye nyanya ya Guyana ya Ufaransa, Amerika ya Kusini, lakini nasaba yake ni ya Asia. Ana efekta takriban 70, wakati bakteria wa madoa ya nyanya, Pseudomonas syringae, katika aina yake iliyochunguzwa zaidi ana karibu nusu ya hizo.

Hapa ndipo utofauti wa vinasaba unapokutana na ukali. Ukikusanya efekta za jamaa wote wa Ralstonia unapata zaidi ya 100 tofauti, na ni sehemu ndogo tu inayopatikana kwa kila mmoja wao. Zilizobaki zinatofautiana: huyu anayo, yule hana, mwingine anayo ikiwa imevunjika. Efekta moja inaweza kuwa msaada kwenye mmea mmoja na usaliti kwenye mwingine. Ile iitwayo PopP2, kwa mfano, hutambuliwa na jeni RRS1-R ya mmea mdogo wa maabara, Arabidopsis, na mmea ukishaitambua hujihami. Bakteria aliyeipoteza anaingia hapo bila kugutusha mtu.

Na kupoteza au kupata jeni si shida kwake. Ralstonia ana uwezo wa asili wa kunyonya vipande vya DNA kutoka mazingira yake na kuviunga na vinasaba vyake, vipande vyenye urefu wa makumi ya maelfu ya herufi. Nasaba ya I hasa imeonekana kuchanganya vinasaba kwa wingi. Huko Martinique, kuanzia 1999, walitokea bakteria wa tawi la IIB-4, tawi linalojulikana kwa kuua migomba. Hawa wapya hawakuweza tena kuuambukiza mgomba, lakini waliangusha maua ya anturiamu, matango, maboga na nyanya. Ukiangalia tawi peke yake ungesema ni tatizo la wakulima wa ndizi.

Watafiti wa Toulouse nao walimlazimisha GMI1000 kuishi ndani ya mimea tofauti, ikiwemo maharagwe na kabichi ambayo si makazi yake ya kawaida, kwa zaidi ya vizazi 300. Alijifunza. Baadhi ya waliozoea maharagwe walikuwa na badiliko dogo kwenye jeni moja tu, efpR, nalo lilitosha kuwaongezea uwezo wa kuishi humo. Vizazi 300 ni vingi kwa binadamu. Kwa bakteria kwenye bonde lenye joto na maji ya mfereji ni muda mfupi.

Bakteria wengine wa nyanya wanatoa ushahidi wa upande huohuo kwa njia zao. Clavibacter, anayeleta donda la shina, hubeba jeni zake muhimu za ukali, celA na pat-1, kwenye plasmidi mbili ndogo. Akizipoteza zote anabaki kuishi ndani ya nyanya bila kuidhuru. Huko Florida, Marekani, Xanthomonas wa kundi la T1 ndiye aliyekuwa akileta madoa kwenye nyanya, hadi T3 alipogunduliwa 1991. T3 hutengeneza sumu inayowaua T1, na ndani ya miaka michache akawa amemwondoa. Baadaye akatokea T4, aliyepoteza jeni iliyokuwa inatambuliwa na nyanya zenye ukinzani dhidi ya T3. Wakulima hawakuwa wamebadilisha chochote. Ni watu wa ndani ya jani waliobadilishana madaraka.

Sasa tuje kwenye mbegu kinzani, ambazo ndizo tumaini kubwa la mkulima. Mstari wa mbegu za nyanya maarufu kuliko yote ni Hawaii 7996. Katika majaribio yaliyochapishwa 1998 na kufanyika nchi mbalimbali chini ya uratibu wa kituo cha mboga cha Taiwan, ambacho leo kinaitwa World Vegetable Center na kina ofisi Arusha, mstari huo ulionekana imara kuliko wenzake. Lakini ukinzani wake si kitu kimoja. Sehemu yake kubwa imo kwenye kromosomu ya 12, nayo inafanya kazi dhidi ya nasaba ya I. Sehemu nyingine iko kwenye kromosomu ya 6. Matunda yake ni madogo, na kila wazalishaji wa mbegu wanapojaribu kuhamishia ukinzani huo kwenye nyanya kubwa, baadhi ya jeni zinazosaidia hubaki nyuma.

Mwaka 2011 yalichapishwa matokeo ya kundi la utafiti lenye kituo Reunion. Lilichukua mistari 30 ya nyanya, biringanya na pilipili iliyosifika kwa ukinzani, likaipambanisha na bakteria 12 wa nasaba ya I, II na III. Kulikuwa na bakteria walioiangusha hata mistari ya nyanya inayotegemewa. Kubwa zaidi, ukali wao haukufuata nasaba. Bakteria wa ukoo mmoja walitofautiana kwa ukali, na wa koo tofauti walifanana. Nimeyasoma matokeo hayo mara nyingi, na kila mara naona yanafunga mlango mmoja na kufungua mwingine. Yanafunga tumaini kwamba kusoma kipande cha DNA kutatosha kumwambia mkulima apande nini. Nasaba inatueleza bakteria alikotoka na anavyosafiri, na hiyo ni habari ya thamani kwa karantini na kwa wakaguzi wa mbegu za viazi. Ukali lazima upimwe kwenye mmea hai, kwa bakteria waliokusanywa bonde lilelile ambalo mbegu itauzwa.

Zipo njia zinazopunguza utegemezi wa ukinzani wa aina moja. Kubebesha mche wa nyanya juu ya shina la biringanya kinzani au la Hawaii 7996 kunafanya kazi, hasa kwenye vitalu nyumba ambako udongo una joto, una maji na haupumziki. Bado shina hilo pia lina bakteria wanaoliweza, kwa hiyo nalo lipimwe. Mwaka 2010 ilionyeshwa kwamba nyanya iliyopewa jeni EFR kutoka Arabidopsis hupata ulinzi dhidi ya Ralstonia na bakteria wengine, kwa sababu jeni hiyo hutambua protini ambayo bakteria hawezi kuibadilisha sana na akaendelea kuishi. Ni njia yenye mantiki, ingawa inategemea sheria za nchi kuhusu mazao yaliyobadilishwa vinasaba. Wakati huohuo mahindi yanayopandwa kwa zamu yanapunguza idadi ya bakteria udongoni, na mnavu unaoota pembeni mwa shamba unawahifadhi. Mkulima anayeng'oa nyanya zilizokufa na kuacha mnavu ameacha ghala la ugonjwa likiwa wazi. Maji ya mfereji yanayopita shamba moja hadi jingine hubeba bakteria wote bila kuuliza nasaba yao.

Kinachokosekana kwetu ni kazi ya katikati, ile isiyo na umaarufu: kukusanya bakteria bonde kwa bonde, kuwatunza wakiwa na ukali wao kamili, na kuzipima aina za nyanya zinazouzwa dhidi yao kabla ya kuandika neno la ukinzani kwenye pakiti. Sampuli nyingi za kanda hii zimesomwa kwa ushirikiano na maabara za nje, na matokeo yake yanaishia kwenye majarida ambayo afisa ugani wa wilaya hayaoni. Mkulima anayenunua mbegu ya bei kubwa iliyoandikwa kwamba inahimili mnyauko bakteria ana haki ya kujua imehimili mnyauko wa nani, na wapi. TOSCI nchini Tanzania na KEPHIS nchini Kenya ndizo zenye mamlaka ya kuthibitisha mbegu. Ziwatake wauzaji waeleze kwenye pakiti kila mbegu imepimwa dhidi ya bakteria wa nasaba gani na waliotoka wapi, na ile isiyopimwa kwa bakteria wa hapa isiruhusiwe kuuzwa kwa jina la ukinzani.